Utando

1.

Utando (nomino, wingi: tando). Tabaka jembamba linalotenganisha sehemu mbili. Hupitisha baadhi ya vitu na kuzuia vingine.

Mfano: *Mlio wa cherehani hupita. Mwenye cherehani hapiti.*

2.

Mhariri wa kamusi, pembeni, kwa kalamu nyekundu:

*Mwalimu Mbelwa, tunataka mfano wa seli. Cherehani ya nini tena?*

3.

Ya jirani, bwana mhariri. Bi Somoe, fundi nguo, yuko upande wa pili wa plaiwudi. Mwalimu amestaafu, amefiwa na mke, amepanga chumba Ngamiani, na kazi aliyobaki nayo ni kueleza maneno ya sayansi kwa kamusi ya shule. Akipiga chafya, ukuta unamjibu:

"Afya."

Basi. Siku nyingine hilo ndilo neno pekee analoambiwa tangu asubuhi hadi jioni.

4.

Wewe msomaji utauliza, mbona hajawahi kusema asante? Hujapanga chumba, wewe. Mle kila mtu husikia kila kitu, na adabu ni kujifanya hukusikia. Ukishukuru afya, umekiri kwamba na kilio cha juzi ulikisikia.

Mwalimu alikisikia kilio cha Bi Somoe. Alikaa kitandani, viatu mkononi, akaogopa hata kukohoa.

5.

TANGAZO KWA WAPANGAJI WOTE

Kuta za plaiwudi zitabomolewa na kujengwa za matofali. Kila mpangaji atoe vyombo vyake uani. Usumbufu utakaojitokeza mtauvumilia.

*Mwenye nyumba*

6.

Uani, kwenye mafiga:

"Afadhali. Sasa tutalala."

"Na redio yako tutapumzika nayo."

"Mwalimu, mbona umenuna? Hutaki matofali?"

"Nayataka sana."

Uongo mtupu. Alikuwa anawaza atakayemwambia afya ni nani.

7.

Utando (marekebisho). Ukiwa mnene mno, hakuna kinachopita, na seli...

8.

Ukuta ukasimama, ukapigwa lipu. Mwalimu akasokota kipande cha karatasi, akajichokonoa pua, mzee mzima na heshima zake. Chafya ikatoka, kubwa.

Kimya.

Akangoja.

Kimya.

Tusifichane, roho ilimuuma.

9.

Akavaa shati safi, akatoka. Mlango wa Bi Somoe ni wa pili tu, na hajawahi kusimama mbele yake. Cherehani ilikuwa inanguruma ndani. Akanyanyua mkono abishe hodi, akaushusha. Aseme nini? Kwamba alikuwa akimsikia siku zote?

Vumbi la saruji la ukumbini likampanda puani. Safari hii hakujichokonoa.

Cherehani ikanyamaza.

"Afya."



"Asante, Bi Somoe," Mwalimu akauambia mlango. "Na zile za nyuma pia, nilikuwa nina..."

Komeo likasogea.