Nyufa za Koko

...na mavi ya ng'ombe mpaka kwa viwiko, Kalekye! Sikudanganyi! Koko mwenyewe, na shanga zake zote, katikati ya maonyesho!

Wacha nianze vizuri. Si unamjua Naserian, yule tunaishi na yeye hapa Kitengela? Kazi yake ya mwisho ya chuo ni sanamu ya nyanyake, huyo Koko, akiwa ameketi. Ameiunda na udongo, majivu na mavi ya ng'ombe, vile wamama wa kwao hukandika nyumba. Akaiweka nje nyuma ya ploti, jua likawaka wiki nzima, mwili wote ukapasuka. Sasa hizo nyufa ndio kazi yenyewe! Anataka watu waone vile mwili huisha. Leo mchana ndio maonyesho: watu waje kuziona, na mwalimu ampee maksi.

Asubuhi Koko akafika kutoka Bisil. Tukamsalimia Kimaasai, "Takwenya, koko!" Akaitikia, "Iko." Tukamwacha na sanamu, tukaenda kuomba viti kwa kanisa.

Kurudi, weee! Koko ameingia kwa boma ya jirani akachota mavi mabichi kwa ndoo, amepaka mgongo, amepaka shingo, sasa anafika kwa goti. Laini kama ukuta mpya!

Naserian akapiga nduru. "Koko! Umeniua! Nyufa ndio nilikuwa nataka!"

"Unataka?" Koko hata hakugeuka. "Mvua ikipasua nyumba, unakandika. Mimi nikipasuka, unawaombea watu viti waniangalie?"

Kalekye, viti nikaviweka chini polepole.

"Lakini koko, utaisha." Naserian akaanza kulia. "Hata ukipaka, utaisha tu. Hiyo ndio naogopa."

"Najua nitaisha. Kwani nyumba ya mama yangu iko wapi leo? Lakini tulikuwa tunaikandika. Hili goti linaniuma. Paka."

Naserian akapanguza kamasi, akachuchumaa, akaanza kupaka.

Hapo ndio mwalimu akaingia, na suti yake ya kijivu. Akaangalia sanamu, nusu imepasuka, nusu mbichi. Naserian hata hakusimama.

"Mwalimu, nyufa zinaisha. Kazi ndio hii sasa."

Koko akamsukumia mwalimu ndoo na mguu. "Wewe kijana, mguu wa kushoto hauna mtu."

Na akavua koti! Sasa vile saa yake iliingia kwa hiyo ndoo, kesho nikikusuka hizo nywele nitakupea yote. Leo nikicheka tena mbavu zitavunjika.