Mtu wa Kumi na Tatu

Dada yangu Kulthum alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hajui kusema hapana. Mtu akipiga hodi kwetu Magongo, mkeka kwapani, akasema ametoka Kaloleni au Rabai kutafuta kibarua cha bandarini, Kulthum humtazama miguu kwanza. Akiona vumbi la safari, basi, kwisha. Humpa maji, humpa chakula, kisha hunigeukia mimi. "Mishi, hebu patazame chumbani kwa kina Mwarandu. Hapatoshi mmoja?" Na mimi mdogo wake, niliyeachika mara mbili nikarudi kulala chumba kimoja naye, ningepata wapi uso wa kusema hapatoshi?

Hivyo ndivyo nyumba ya vyumba vitano aliyoachiwa na marehemu mumewe ilivyofika watu ishirini. Mwaka ni arobaini na saba, vita vimekwisha, kazi ya kupakua meli ipo, lakini pa kulala hapana. Kwetu vijana wanane walilala vyumba viwili kwa zamu. Wa kazi ya usiku wakirudi asubuhi huangukia mikeka ambayo haijapoa. Choo ni kimoja. Kila alfajiri nilisimama uani na kopo langu la maji, nikingoja zamu na kuwalaani wote kwa majina ya ukoo. Nilikuwa nawapenda, lakini si saa ile.

Mwezi wa tano tukasikia Bwana Afya anapita nyumba kwa nyumba. Alikuwa kijana wa Kirabai, jina lake Nicanor, anavaa kaptura ya kaki, ana utepe wa kupimia na kipande cha chaki. Anapima chumba, anahesabu madirisha, kisha anaandika mlangoni idadi ya watu wanaoruhusiwa kulala. Aliyezidisha hupewa siku kumi na nne. Zikipita bila kupunguza, nyumba hufungwa na wote hutoka, mwenye nyumba na wapangaji.

Kulthum akapanga hila yake, na hila za mtu mwema ndizo mbaya kupita zote. Siku ya ukaguzi watu kumi na wawili walipelekwa kujificha katika shamba la muhogo nyuma ya nyumba. Tukabaki wanane. Mikeka ya ziada tuliiviringisha tukaipandisha darini. Nyamvula, mke wa Ruwa, yeye aliachwa ndani kwa sababu tumbo lake lilikuwa limeshuka, siku zake za kujifungua zimefika, na kumlaza mtu wa hali ile kwenye muhogo ni dhambi.

Nicanor alikuja saa nne. Alimwamkia dada yangu vizuri. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani."

Akapima kila kitu, polepole, akiinama na kuinuka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi. Mtu mbaya unamtukana ukapumua. Huyu alitueleza kwamba mwaka jana, katika nyumba moja ya mtaa wa chini, watu thelathini walipumua hewa ya madirisha mawili, ikaingia homa, na kabla ya juma kwisha walizikwa watoto wanne. Yeye ndiye aliyefungua mlango ule. Alipokuwa akisema hayo alishika utepe wake bila kuuvuta.

Mpaka adhuhuri alikuwa ameridhika. Nyumba ina nafasi ya watu kumi na wawili, akasema, mtoto mchanga hahesabiwi, na hapa naona wanane. Angeondoka zake. Lakini ilikuwa saa ya chakula, na dada yangu tangu azaliwe hajamwacha mtu atoke kwake na njaa saa ya chakula. Akamkalisha ukumbini, akampakulia wali na mchuzi wa papa. Mimi nikamfinya. Akadhani naomba upawa.

Hapo ndipo tulipoangamia. Kulthum alikuwa na desturi yake ya miaka yote: sufuria ikishateremshwa jikoni, yeye husimama mlango wa uani na kuita watu waje kula. Na alikuwa amewafunza wapangaji wake, wa bara na wa pwani, wa msikitini na wa kanisani, kwamba anayeitwa na mkubwa asiitike hana mlezi. Wengine aliwafunza kwa maneno, Mwarandu alimfunza kwa mwiko. Basi siku ile, akili iko kwa mgeni na miguu inafuata mazoea, akasimama mlangoni.

"Mwarandu, ndooni mule chakula."

"Naam," muhogo ukajibu.

"Nguma."

"Naam, mama."

"Jumwa, na wewe."

"Abee," akaitika Jumwa, na adabu yake yote, kutoka nyuma ya kichuguu.

Wakatoka mmoja mmoja, majani kichwani, wakapanga mstari kunawa mikono. Walikuwa wameshaketi kitako walipomwona mtu wa kaki ameshika tonge hewani. Nicanor aliwahesabu kwa macho. Alimaliza chakula chake, akanawa, akashukuru. Kisha akaandika mlangoni kwa chaki: kumi na mbili.

"Bibi, siwezi kuandika nisichokiona, na siwezi kuacha nilichokiona," akasema. "Mko ishirini. Nitarudi Alhamisi ya juma la pili. Nikute kumi na wawili."

Kulthum hakugombana naye. Alimwuliza tu kama mchuzi ulikuwa na chumvi.

Sisi tulimcheka Kulthum mpaka jioni, na yeye akacheka. Lakini siku ya tatu Nyamvula akajifungua mtoto wa kike, na kicheko kikatutoka. Damu ilimtoka kupita kiasi. Mkunga, Bi Dhahabu, alitoka chumbani akatuambia mzazi huyu asiinuke, asitikiswe, na gari asipande kabla ya arobaini yake kwisha. "Akitikiswa nitaitwa kumwosha, sitaitwa kumkanda," akasema. Kulthum akamhamishia Nyamvula kitandani kwake, mimi na yeye tukalala chini.

Ruwa alikuwa kijana mpole, mrefu, asiyejua pa kuweka mikono yake. Alisema kwao mzazi hutoka nje baada ya siku chache tu. "Kwenu ni kwenu, baba," Kulthum akamwambia. "Hapa ni kwangu. Arobaini."

Watu wakaanza kuondoka wenyewe, bila kufukuzwa. Vijana watatu walipata nafasi kwa binamu zao kwenye nyumba za reli. Wawili walirudi kwao kupanda mahindi. Mwalimu wa chuo cha Kurani na mkewe wakaenda kwa binti yao Kisauni, mkewe akilia kana kwamba anakwenda ng'ambo. Saba hao. Tukabaki kumi na watatu, na pale pakakwama. Kila aliyesalia alizunguka Changamwe nzima kutafuta pa kulala, na kila alikokwenda alikuta chaki mlangoni. Ruwa alitaka kulala barazani; Nicanor akatuma neno kwamba baraza nayo ni nyumba. Mwarandu alisema atalala juu ya mwembe, na aseme asiseme, mwembe wenyewe hatuna.

Jumapili, zimebaki siku nne, Ruwa akaja kwa dada yangu, akachuchumaa mbele yake. "Mama, sisi ndio tuliokuja mwisho. Nimepata lori la mkaa linalorudi Kaloleni kesho asubuhi. Kumwacha Nyamvula siwezi; nitamfunga kwa mablanketi, tutakwenda taratibu."

"Njia ile, na mvua hii?" Kulthum akamwuliza.

"Watu kumi na mmoja watatolewa nje kwa ajili yetu, mama. Siwezi kuliona hilo."

Nikamsikia Nyamvula upande wa pili wa pazia akimwimbia mtoto, sauti haina nguvu. Sasa nitasema jambo ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Sisi tuna ndugu yetu Likoni, Stambuli, aliyezaliwa baina ya Kulthum na mimi. Yeye na Kulthum walikuwa hawasemezani mwaka wa saba. Stambuli aliuza minazi ya baba bila kumwuliza dada yake, na dada yake akaapa mbele ya watu kwamba hatakanyaga mlango wa Stambuli maisha yake. Mimi sikuapa. Mimi Stambuli alikuwa akiniletea madafu kila Idi. Nilikuwa naweza kusimama pale pale, nikachukua kanga zangu mbili, nikaenda nikalala kwa kaka yangu, na hesabu ikatimia. Nililijua hilo Ruwa akiwa bado amechuchumaa. Lakini nyumba ya Stambuli ni ya watoto na makelele, na wake wawili wasiopatana, na mimi nilikuwa mtu mzima niliyezoea mto wangu. Nikasema moyoni, labda atapatikana mwingine. Nikanyamaza.

Kulthum alinitazama kidogo tu. "Ruwa, lori hilo lisije hapa kabla sijakwambia," akasema.

Jumatatu niliamka kwa adhana ya alfajiri, nikakuta mkeka wake haupo. Nikadhani yuko uani anaswali. Uani alikuwako Mwarandu peke yake, anapuliza moto.

"Mama amekwenda kuamkia watu Likoni," akaniambia. "Nimemsindikiza mpaka kituo cha basi, ameshika furushi. Asema Ruwa asiondoke, na wewe umkande mzazi kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na pilipili manga usiifanyie choyo."

Nilimkanda Nyamvula siku ile, na ya pili, na ya tatu. Nilipika uji wa pilipili manga. Nilichemsha maji, nilifua vitambaa, nilimbeba mtoto. Nilifanya yote hayo nikiwa na hasira, na wote wakanikwepa wakidhani nimewakasirikia wao.

Alhamisi Nicanor akarudi. Alipita chumba kwa chumba, akahesabu, akarudia. Kumi na wawili. Akaingia chumbani kwetu akamwona Nyamvula kwenye kitanda cha samadari cha dada yangu, mtoto kifuani. Akarudi nyuma upesi, akaomba radhi. Pale ukumbini akafuta chaki ya mlangoni kwa kiganja chake, akatazama huku na huku.

"Mwenye nyumba yuko wapi? Sijamwamkia."

"Hakutosha," nikamwambia.

Hakuelewa kwanza.

"Nyumba ni ya watu kumi na wawili. Yeye alikuwa wa kumi na tatu. Ametoka kumpisha mzazi."

Nicanor akavua kofia yake. Vumbi la chaki la kiganja chake likashika ukingo wake. "Yuko mahali pazuri lakini?" akauliza.

"Yuko Likoni kwa ndugu yake. Wako kumi na sita, vyumba vitatu."

"Likoni si upande wangu," akasema polepole, akavaa kofia, akatoka. Nilimpenda kwa hilo, na nilikuwa sitaki kumpenda.

Alipokwisha kwenda nikafunga kanga zangu na mto wangu. Nikamwita Jumwa nikamwonyesha namna ya kumkanda mzazi, nikatoka mchana ule ule. Basi mpaka mjini, kisha feri, kisha kwa miguu, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa nitamwambia alinionea kwa kunyamaza. Nitamwambia mtu haendi kuvunja kiapo kimyakimya kama mwizi. Nilikuwa na maneno mengi mazuri.

Nilimkuta uani kwa Stambuli, amekaa juu ya kibao cha mbuzi anakuna nazi, wake wawili wa Stambuli wamekaa kuume na kushoto kwake wanacheka pamoja, jambo ambalo kwa nyumba ile ni muujiza. Stambuli mwenyewe, mtu wa mvi, alikuwa anamshikia bakuli. Midomo ya dada yangu ilikuwa mikavu. Nikajua amefunga, alikuwa analipa kafara ya kiapo chake, siku tatu, na hii ni ya tatu.

Maneno yangu yote yakanipotea. "Dada, rudi kwako," nikasema. "Nitalala mimi hapa. Nilikuwa nimeshajua tangu Jumapili."

"Najua ulijua," akasema. Akaendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu, akakiweka chini, akajipangusa mikono. Kisha akanitazama usoni, na macho yake yalikuwa yanacheka.

"Wallahi, Mishi, nilikupa siku mbili. Umechukua nne."

Akaingia ndani kuchukua furushi lake.