Mkopo wa Mama Felicia kwa Waswidi

Uvumi ule ulimfikia Josefina pamoja na kikombe cha kahawa. Kahawa ikaisha, uvumi ukabaki. Ilikuwa baada ya ibada, katika ukumbi wa chini wa kanisa pale Husby, kitongoji cha Stockholm, akina mama wakikunja viti na kugawana maandazi yaliyosalia. Emérithe, mama wa Bukavu mwenye sauti ya kuweza kumwita mtu ng'ambo ya ziwa, siku hiyo alinong'ona, na mnong'ono wa mtu mwenye sauti kubwa hutisha kuliko kelele.

"Mama Felicia, unamujua ule baba wa Upplands Väsby, wa kuendesha basi? Serikali ilimurudishia makuta, feza ya kodi. Akajinunulia kochi. Kochi ya ngozi, dada! Miezi sita haikupita, kochi ikatoka mu nyumba. Wakamufungulia faili. Makuta ya serikali hailiwaka bure."

"Faili la nini?" Josefina aliuliza.

"Faili ni faili. Ikisha kufunguliwa, nani anaifungaka?"

Swali hilo alikwenda nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Josefina alikuwa ameishia darasa la saba kule Mbinga, na katika maisha yake alikuwa ameona faili moja tu likifunguliwa: la baba yake, katika chama cha ushirika, kwa ajili ya magunia mawili ya kahawa ambayo hakuna aliyejua yalipotelea wapi. Faili hilo lilifungwa baada ya mzee kuzikwa, na hata hapo lilifungwa kwa kusahauliwa tu.

Basi aliamua kwamba jina lake halitafunguliwa faili Stockholm. Asubuhi alipika katika jiko la shule moja Akalla, jioni alisafisha ofisi Kista, na alikuwa amesikia kwamba wenye kazi mbili ndio wanaokamatwa na deni la kodi mwisho wa mwaka. Kule Kista walikuwa wakimkata theluthi kasoro kidogo, kama sheria inavyotaka kwa kazi ya pili. Hilo halikumtosha. Alikwenda kwa mama wa mishahara pale shuleni akamwomba amkate kronor elfu moja zaidi kila mwezi.

"Una uhakika?" mama yule aliuliza. "Ni nyingi."

"Kata," alisema Josefina. "Nisichokiona hakinilevyi."

Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka minne. Kila majira ya kuchipua barua ilikuja kutoka Skatteverket, mamlaka ya kodi, ikimwambia kwa lugha ya adabu kwamba amelipa kupita kiasi na kwamba kuna chake. Wakamwomba aandikishe akaunti ya benki ili wamtumie. Hakuandikisha. Pesa zikalala kwao. Josefina alizipita kama mtu anavyoupita mkufu wa dhahabu uliodondoka njia panda: ameuona, ameupenda, na anajua kabisa kwamba umewekwa.

Felicia, binti yake wa pekee, alimcheka mpaka akachoka kucheka. Alizaliwa hapa hapa, akasomea uuguzi msaidizi, na alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya wazee Flemingsberg. Mwishoni mwa wiki aliuza kahawa na keki katika mgahawa karibu na kituo cha treni. Mama akimsemesha Kiswahili, yeye hujibu Kiswidi, ila akitaka kitu.

"Mamma, hizo ni pesa zako. Bonyeza tu hapa."

"Panya naye aliambiwa bonyeza tu hapa."

Na pengine mambo yangebaki hivyo, mama na woga wake, binti na kicheko chake, kama isingekuwa harusi.

Felicia alikuwa ameposwa na Jabari, kijana mpole anayetengeneza lifti, na ndoa ingefungwa Agosti hapa hapa Stockholm. Lakini kwa akina Josefina binti hatoki nyumbani mikono mitupu bila baraka. Bibi mzaa mama ndiye humpulizia maji usoni, akamtaja kwa majina ya waliotangulia, kisha akamwachia. Bibi huyo alikuwa Mbinga, ana miaka themanini na sita, na magoti yake yalikuwa yamegoma hata kufika kisimani, sembuse uwanja wa ndege. Josefina hakuwa amemwona mama yake kwa miaka kumi na mmoja. Felicia alikuwa amejibana mwaka mzima, keki kwa keki, mpaka akafikisha kronor elfu ishirini na mbili: tiketi mbili za Julai, ya kwake na ya mama.

Jumamosi ya mwisho wa Machi walikaa jikoni kuzinunua. Nje, theluji ilikuwa imebaki vichuguu vyeusi pembeni mwa njia, na changarawe zilizomwagwa majira ya baridi ili watu wasiteleze zilikuwa bado zikilia chini ya viatu vya wapita njia. Felicia alikuwa na simu mkononi na mguu mmoja juu ya kiti, akiimba.

"Ngoja kwanza nithibitishe tamko langu la kodi," alisema kwa Kiswahili chake cha furaha. "Dakika moja. Labda mimi pia nitarudishiwa, tukanunue vitenge vya wote, na wewe nikushonee gauni la mabawa."

"Sitaki mabawa. Nitaonekana kama kuku wa kienyeji."

Felicia alicheka, akabonyeza, akabonyeza tena. Wimbo ukakatika. Mguu ukashuka kutoka kitini.

"Nini?" Josefina aliuliza. Mama huujua ukimya wa mtoto wake kabla ya kuujua usemi wake.

"Nadaiwa." Felicia alisogeza simu mezani kana kwamba inaunguza. "Elfu kumi na saba na mia nne."

"Unadaiwa na nani?"

"Na wao. Kodi." Alisoma, akarudi juu, akasoma tena, na alipoelewa alifunika uso. "Mgahawani sikuwaambia kwamba nina kazi nyingine. Nilijaza ile karatasi haraka haraka. Kila mmoja amenikata kidogo, kama vile hana mwenzake."

Josefina aliigeuza simu ile ikalala kifudifudi. "Mwanangu," alisema taratibu, "umeolewa na wawili, na kila mmoja anadhani yuko peke yake."

Felicia alicheka bila kutaka, kicheko kikageuka kilio katikati. Akaanza kusema kwa Kiswidi, haraka haraka, kwamba atalipa deni kwa pesa za tiketi, kwamba hakuna aliyekufa, kwamba watampigia bibi simu ya video siku hiyo ya harusi na bibi apulizie maji kwenye kioo.

Kwenye kioo! Josefina alimwona mama yake akiishika simu ya jirani juu chini, akiipulizia maji, jirani akipiga yowe. Angeweza kucheka. Badala yake alijigeukia mwenyewe. Kwa miaka minne aliogopa deni, akalitegea mitego mlangoni, madirishani na darini, nalo lilikuwa limepita kupitia chumba cha mtoto. Na yeye, mlinzi mwenyewe, alikuwa amekalia dawa akiiita sumu.

Alifungua droo ya vijiko. Chini ya vijiko kulikuwa na barua nne, zimefungwa kwa utepe wa sanduku la keki.

"Jumatatu ninakwenda Kista," alisema.

"Kusafisha?"

"Kufunguliwa faili."

Jumatatu alivaa koti lake la Pasaka kabla ya Pasaka kufika. Katika ofisi ya huduma za serikali alichukua namba, akakaa wima, mkoba magotini, kama mtu aliyekuja kupewa majibu ya vipimo. Namba yake ilipowaka alihudumiwa na mzee wa Kiswidi, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba.

Josefina aliweka barua nne mezani. "Nataka kuuliza kabla ya kugusa," alisema kwa Kiswidi chake cha jikoni, kifupi na kisicho na mapambo. "Nikichukua pesa hizi, mtanifungulia faili?"

Mzee alivaa miwani. "Faili lako lipo tangu siku ulipopewa namba ya utambulisho," alisema. "Langu pia lipo. La jirani yangu pia, ingawa yeye angefurahi lisingekuwapo."

"Na mtaninyang'anya baadaye?"

"Umeandika uongo wowote katika tamko lako?"

"Mimi? Naogopa hata kuandika ukweli."

Mzee alikohoa, na kikohozi kile kilikuwa na kicheko ndani yake. Akaandika kwenye mashine yake, kisha akaigeuza skrini ili naye aone. Mistari minne, miaka minne. Chini kabisa: elfu hamsini na nne na kitu.

Josefina aliisoma hesabu kutoka kushoto, kisha kutoka kulia, kama vile ingepungua upande mwingine. Halafu kidole chake kikaangukia tarakimu ndogo zilizosimama pembeni. "Na hizi?"

"Riba."

"Ninayowalipa?"

"Tunayokulipa. Pesa zako zimekaa kwetu." Mzee alivua miwani. "Ni kama umetukopesha. Kwa riba ndogo sana, kwa kweli. Mimi nisingekubali."

Josefina alikuwa akimwona baba yake mbele ya meza ya ushirika, kofia mkononi, akijitetea kwa magunia mawili. Angalau mtu mmoja wa ukoo ule alikuwa sasa amekaa upande wa pili wa meza.

"Niliwakopesha ninyi?" aliuliza tena, kwa sauti iliyowageuza watu wawili kwenye foleni. "Mimi, Josefina?"

"Wewe, Josefina."

Alicheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kikalitikisa koti la Pasaka mpaka kifungo kimoja kikafunguka. Mzee naye akashindwa kujizuia. Baadaye, alipomaliza kumwandikishia akaunti ya benki, alimweleza kwamba binti aiambie kazi ya pili imkate thelathini katika kila mia, na kwamba deni likilipwa mwanzoni mwa Mei halitazaa riba. Kisha akauliza: ile elfu moja ya ziada, aendelee kukatwa? Ni hiari yake.

Josefina alifikiri. "Ibaki mia moja."

"Kwa nini mia moja?"

"Nimeshazoea kuwa na wadeni."

Alirudi Husby kwa miguu, akiupita mlango wa kituo cha treni. Kila aliyekutana naye njiani alimtazama mara ya pili. Mwanamke aliyevaa nadhifu anayecheka peke yake mchana kweupe ni jambo la kutazamwa. Mlangoni Felicia alimpokea na macho ya kuuliza.

"Simama vizuri," Josefina alimwambia. "Unazungumza na mama anayewadai Waswidi."

Pesa ziliingia siku chache baadaye. Deni la Felicia likalipwa siku hiyo hiyo, na tiketi mbili zikanunuliwa, safari tarehe tisa Julai, mchana. Kiasi kilichobaki kilitosha vitenge vya akina mama wote wa Mbinga watakaofika, na mabishano kuhusu mabawa yakaendelea kwa wiki nzima, yakaisha kwa suluhu: bawa moja, dogo.

Jumapili iliyofuata Josefina alimkabili Emérithe mbele ya birika la kahawa. "Mama, yule dereva wako wa Upplands Väsby. Kochi lake lilichukuliwa na nani hasa?"

Emérithe aliangalia maandazi. "Natacha, ule mama wa kwaya, njo aliniambia."

"Nimeshamuuliza Natacha. Anasema kochi lilikataa kupita mlangoni. Walilirudisha dukani."

"Na faili?"

"Alikataliwa tu gharama za gari alizoandika, wakati kila siku anakwenda kazini kwa treni. Akarudisha cha watu, yakaisha."

Akina mama waliokuwa karibu waliangua kicheko, mmoja akamwaga kahawa kwenye kitambaa cha meza. Emérithe naye alicheka, kisha akamvuta Josefina kwa mkono mpaka nyuma ya makoti yaliyotundikwa. Safari hii alinong'ona kwa sababu alihitaji kunong'ona.

"Dada. Miye nina barua tatu kama zako. Sijafunguaka hata moja."

Josefina alimshika mkono. Mkono ulikuwa wa baridi, wa mtu aliyebeba kitu kizito muda mrefu akimwambia kila mtu ni chepesi. Walikubaliana kwenda Kista Jumanne.

Na kwa kuwa aliwaza ni droo ngapi za vijiko Husby nzima zina barua chini yake, Josefina alikaa jikoni mchana ule akaandika karatasi ya kubandikwa ukumbini. Felicia alitaka kuichapa kwa kompyuta. Mama alikataa. Mwandiko wa mtu, alisema, watu husoma mpaka mwisho ili wajue ni wa nani.

AKINA MAMA, NA WATOTO WENU, MSIFANYE HAYA:

Usifiche kazi ya pili. Mwambie huyo wa pili kwamba yeye ni wa pili, akate thelathini kwa mia, hata kama ataona wivu.

Usikatwe zaidi kwa sababu ya woga. Kaa uhesabu kwanza, au utafute mwenye kuhesabu.

Usiiache pesa yako huko bila kuandikisha akaunti ya benki.

Usimpe mtu yeyote namba zako za siri, hata akipiga simu na kusema anatoka kwenye kodi, hata akijua jina la marehemu baba yako.

Usiandike gari kama ulipanda treni.

Usinunue kochi kabla ya kupima mlango.

Usiiogope barua mpaka uifungue. Ukiogopa sana, ilete hapa, tutaifungua wawili.

Usimwambie mzazi mwenye miaka themanini na sita, "Mwakani."