Nyumba ya Nne Baada ya Tangi

Daktari wa macho alimwambia dada yangu, bila kumficha neno, kwamba nuru iliyosalia machoni mwake haitafika mwisho wa mwaka. Dada hakulia. Alimgeukia binti yake na kumwomba jambo moja tu: picha ya jiko lake la kwanza, katika nyumba ya reli alimokaa miaka tisa tangu alipoolewa, kwenye stesheni iliyokuwa katikati ya jangwa.

"Nataka nilione kabla sijaacha kuona," alisema. "Mjomba wako atakupeleka. Alikuwa akipita pale kila juma."

Binti huyo, mpwa wangu, kazi yake ni kupiga picha za mahali palipohamwa: viwanda vilivyofungwa, migodi iliyokwisha, hospitali zisizo na wagonjwa. Sikuwa nimepata kuielewa kazi hiyo. Kwangu mimi, nyumba isiyo na mtu haikuwa na habari ya kumpa mtu. Hata hivyo nilikubali kumwongoza, kwa kuwa nilikuwa gadi wa treni katika njia ile kwa miaka kumi na mmoja, na kwa kuwa mwombaji alikuwa dada yangu.

Tuliondoka alfajiri kwa gari lake. Nilimwekea sharti kwamba ifikapo saa tisa alasiri tuwe tumekwisha kugeuza, kwa maana upepo wa jioni hufuta alama za magurudumu, na huko simu haishiki.

"Ndiyo maana kazini walikuita Ratiba," alisema, akicheka.

"Waliniita hivyo kwa heshima."

"Mama anasema haikuwa heshima, Mjomba."

Niliitazama saa yangu.

Tulifika saa nne. Tangi la maji lilikuwa bado limesimama juu ya miguu yake minne ya chuma, likiwa tupu, na upepo ukivuma ndani yake kwa sauti kama ya mtu anayepuliza chupa. Reli zilizama mchangani, zikajitokeza, zikazama tena. Kila upande wa njia palikuwa na safu ya nyumba kumi na mbili, zote za ramani moja: vyumba viwili, jiko, na dirisha la jiko lenye kizingiti cha saruji. Vibao vya namba vilikuwa vimeng'olewa vyote.

Nilitaka kwenda moja kwa moja, lakini mpwa wangu alinishika mkono.

"Usikanyage hapo, Mjomba. Mchanga haujaguswa. Kwanza tunazunguka, tunaangalia, kamera iko begani."

"Tunaangalia nini?"

"Sijui bado. Ndiyo raha yake."

Nikamfuata, nikijiona mtu asiye na kazi. Katika ofisi ya tiketi mchanga ulikuwa umemiminika kupitia tundu la kulipia, ukatengeneza mlima mdogo juu ya meza, wenye ncha kali kama uliochongwa. Juu yake palikuwa na nyayo za mjusi zilizopanda mpaka kileleni na hazikushuka. Nilitafuta kwa muda mrefu mjusi huyo alikoelekea. Niliposhtuka, mpwa wangu alikuwa akinitazama kwa tabasamu, nami nikakohoa na kumwambia tuendelee.

"Marehemu baba yako," nilimwambia, "alinieleza mwenyewe, na sijasahau. Nyumba yao ni ya nne baada ya tangi, mkono wa kulia."

Tukahesabu, upande niliouita kulia tangu enzi za treni. Ya nne, mkono wa kulia, mlango wake ulikuwa umeanguka ndani, na mchanga ulifika magotini. Jikoni moshi ulikuwa umeacha weusi ukutani, na msumari mmoja ulikuwa ungali mahali pake. Mpwa wangu aliweka kamera juu ya miguu yake mitatu, akapiga, akasubiri jua lisogee, akapiga tena. Nilisimama mlangoni nimeridhika. Ilikuwa saa sita na nusu.

Baadaye alikisogelea kizingiti cha dirisha akakipitishia kidole.

"Mjomba, hapa pameliwa na nini?"

"Kisu. Wanawake wote wa stesheni walinoa visu hapo. Saruji ile ilikuwa ngumu kama jiwe la kunolea."

"Kona ya kulia."

"Ndiyo, ya kulia."

"Mama anatumia mkono wa kushoto. Kukata, kupika, kunichapa, vyote kushoto."

Nilimwambia kwamba huenda mpangaji wa baadaye ndiye aliyenoa hapo. Naye akakubali kwamba huenda, lakini alitoka, akaingia nyumba ya tatu, ya tano, hata ya sita, akipapasa vizingiti kama mnunuzi wa kitambaa. Vyote vililiwa kona ya kulia. Akarudi, akaketi juu ya beleshi tulilokuja nalo kwa ajili ya mchanga, akanikabili.

"Ulikuwa ukiingia humu kunywa chai?"

"Treni ilisimama dakika tano. Dada aliniletea kifurushi jukwaani, nami nikampa chake. Sikupata kuingia hata siku moja."

"Kwa hiyo nyumba unaijua kwa maneno ya baba tu."

"Maneno ya baba yako yalikuwa ya kuaminika."

"Sina neno na baba. Baba alikuwa wapi kwenye treni?"

"Mbele, akichochea moto wa injini."

"Na wewe?"

"Behewa la mwisho. Gadi hukaa nyuma na kutazama njia aliyotoka, ili ahakikishe hakuna behewa lililokatika."

Aliinua tu nyusi. Nami nikasikia masikio yangu yakipata moto, kwa maana hesabu ilikuwa nyepesi kiasi cha kumwaibisha mtoto wa darasa la pili. Shemeji alitazama mbele. Mimi nilitazama nyuma. Mkono wake wa kulia ulikuwa mkono wangu wa kushoto.

"Nimekosea," nilisema. "Na nimekosea tangu siku ile aliponieleza."

"Yaani Mjomba umetuleta kinyumenyume!"

Tukavuka reli. Nyumba ya nne ya upande wa pili ilikuwa na hali mbaya kuliko zote: mchanga uliufunika mlango na dirisha zima la jiko. Saa yangu ilisema saa nane na robo. Nilivua koti, nikalikunja, nikachukua lile beleshi. Tulichimba kwa zamu mbele ya dirisha la chumba cha kulala, mpaka tundu la kupenya likatosha. Mpwa wangu alipenya kama paka. Mimi nilikwama kiunoni, naye akanivuta kwa mikono yote miwili huku akicheka bila adabu yoyote.

"Pole pole! Mimi si gunia!"

"Gunia lisingelalamika, Mjomba."

Jikoni palikuwa na giza, ila mwale mmoja ulipita katika bati lililotoboka na kuangukia ukutani. Tulifukua kizingiti kwa viganja, kila mmoja akianzia upande wake. Kona ya kulia ilikuwa kamili, kali, kama siku ilipomwagwa. Nikaitazama mikono ya mpwa wangu. Ilikuwa imesimama.

"Mjomba. Weka kidole hapa."

Palikuwa na shimo laini, refu kama kidole changu cha kati, katika kona ya kushoto.

Alipiga picha zake kwa ule mwale mmoja, tukaondoka saa kumi kasorobo. Alama za magurudumu zilikuwa zimeanza kufifia, na mara mbili nilishuka kuzitafuta kwa miguu.

Siku ya tatu picha zilisafishwa, kubwa, kila moja kama trei. Dada yangu alizishika karibu na pua, akizisogeza taratibu kutoka pembe hadi pembe, kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko mdogo. Alipofika kizingitini alikaa hapo muda mrefu, na mkono wake wa kushoto ukaanza kwenda na kurudi juu ya goti lake.

"Ndilo," alisema. "Ndilo lenyewe. Lakini hili jingine ni la nani?"

Alikuwa ameishika picha ya ile nyumba tuliyoingia kwanza. Sikutaka jambo lolote libaki limefichwa, nikamweleza kosa langu lote, tangu injini hata behewa la mwisho. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaiweka picha chini.

"Kaka. Treni ikiondoka, ulikuwa ukisimama kwenye ngazi ya behewa na kupunga mkono."

"Nikikupungia wewe, dirishani kwako."

"Mimi nilikuwa bado jukwaani na kifurushi changu! Ulikuwa ukimpungia mke wa fundi wa pampu, mwenye jiko hili. Miaka tisa! Masikini yule mama, aliniuliza, 'Huyu kaka yako ana nini na mimi?'"

Mpwa wangu alilazimika kutoka nje kucheka.

"Ukamjibu nini?" niliuliza.

"Nikamwambia ni adabu zako tu za shule ya misheni. Akawa anakupungia naye, kwa adabu."