Jina la Kaka kwenye Kosa la Ijumaa

"Umembandika marehemu kosa lako!" Kitinda alifoka mpaka maji yakatikisika kwenye glasi ya bosi.

"Shusha sauti, dogo, hapa ni ofisini!" Bosi naye akapaza yake.

Programu yao ndiyo inayoelekeza magari ya wagonjwa. Kila anayeibadilisha, kompyuta inahifadhi alichobadilisha pamoja na jina lake, ili mambo yakiharibika ajulikane wa kuulizwa. Ijumaa bosi aliingiza mabadiliko mbiombio, hakuna aliyeyakagua. Gari likaenda mtaa mwingine, mama mmoja akafia barazani kwake akilisubiri. Basi bosi kaifumua historia hiyo ya mabadiliko, kang'oa jina lake, kashona la kaka yake Kitinda.

"Ijumaa kaka alikuwa keshazikwa! Si na wewe ulishika koleo?"

"Kwani leo hajaja kazini?"

Kitinda akageukia dirishani, maana kweli kaka alikuwa amekuja. Kaka alikaa pale dirishani kama kila siku tangu azikwe, mikono ya shati alilozikwa nalo kaikunja mpaka viwikoni. Mfagizi alishazoea kumfutia mchanga kwenye kibodi.

"Kaka haingizi kitu bila kuomba mtu akague," Kitinda alisema, sauti imeshuka. "Hata akihamisha nukta."

"Mwenyewe si yule? Muulize."

Kitinda akamwendea. "Kaka, waambie siyo wewe. Mama yetu hatoki nje kwa aibu."

Kaka akamgeuzia skrini. Waliokufa si wasemaji, na kumbukumbu zao hupukutika upesi. Wakisahau walichofanya, wanasoma historia kama watu wengine. Naye alishaisoma. Kwenye skrini alikuwa amelirekebisha lile kosa, na chini yake kaandika: "Nimesahihisha kosa langu. Nisameheni. Naomba mtu akague."

Kitinda akavuta kiti. Akasoma mstari kwa mstari, kama alivyofundishwa na kaka huyohuyo. Kazi ilikuwa safi, haina doa. Akiikataa, kuna mwingine atafia barazani. Akiikubali, na ungamo lile linahifadhiwa; kosa ni la kaka, basi tena.

Akaikubali.

"Umeona sasa?" Bosi akasema, akanywa maji yake.

Kitinda akachukua mkoba, akampangusa kaka mchanga begani, akatoka. Mlango hakuubamiza. Aliufunga taratibu, akausukuma mpaka ukashika, maana siku hizi kaka anaonewa sana na baridi.