Profesa Aliyejiita Mwizi

Aikaeli aliyasikia sokoni Marangu, akiwa ameinama anachagua ndizi mshare: Profesa kafukuzwa chuo, anaiba benki kwa kompyuta. Akapanda mlima na ndizi zake, maneno yale yakimfuata kama inzi. Profesa mwenyewe ni Eliezeri, mwanawe wa mwisho.

Na aliyewapa watu maneno ni huyo huyo Eliezeri! Miaka yote anafundisha uhandisi chuoni Dar es Salaam, na utafiti wake ni kupasua vile vidude vyeusi vilivyomo ndani ya kompyuta, aone mwizi angepenyea wapi, ili wanaovitengeneza wazibe. Kazi ya heshima. Lakini Krismasi iliyopita, mbuzi anagawiwa, Filemon, mdogo wa marehemu mumewe Aikaeli, aliuliza, "Profesa, hasa hasa unafanya nini huko?"

"Mimi ni mwizi mwenye kibali, baba mdogo!"

Ukoo mzima ukacheka. Filemon hakucheka. Alilibeba neno lile mpaka sokoni, maana alishapanda migomba yake kwenye nusu ya kihamba cha marehemu, shamba la urithi la nyumbani, na kihamba kile kwa desturi ni cha kitinda mimba.

Krismasi hii, nyama hata haijagawiwa, akasimama. "Mwizi harithi kihamba. Alikiri mwenyewe hapa hapa."

Eliezeri akaanza kujieleza, nusu Kiingereza, mara saketi, mara sijui nini. Wazee wakatazamana. Aikaeli akapandwa na hasira.

"Nyamaza wewe, umesoma mpaka umepotea! Wazee, shikamooni. Stoo ya kahawa ikijengwa, si mnamtafuta mwenye nguvu ausukume mlango kabla magunia hayajaingia? Akiuangusha, mnamwita mwizi au mnaongeza bawaba?"

"Tunaongeza bawaba," akasema Yohana, mkubwa wa ukoo. "Filemon, umetudanganya."

Filemon akatoka, akarudi na jani la isale, akalitoa kwa mikono miwili. Anayeomba radhi kwa isale hakataliwi Uchaggani, naye alilijua hilo. Aikaeli akalipokea.

"Jani nimepokea, shemeji. Migomba yako ing'oe leo."

Akaing'oa. Sokoni bado wanasema. Basi mwenye mtoto msomi amwambie:

Usijiite mwizi, hata kwa utani.

Usifanyie mzaha kazi yako mbele ya anayetamani ardhi yako.

Usiwaeleze wazee kwa Kiingereza.

Usiache kihamba mwaka mzima bila kukikanyaga.

Usinyamazie uvumi ukidhani utakufa wenyewe.