Springi za Mbele

Masika ilipoharibu barabara ya kwenda kwa Sifael, juu kule Marangu, maji yalichimba mifereji miwili pale magurudumu yanapopita na kuacha mgongo wa mawe katikati. Pikapu yake kuukuu ilijaribu kupita, ikakalia tumbo juu ya mawe yale, magurudumu yakizunguka hewani. Mkewe Aikaeli alikuwa ndani, anapelekwa hospitali ya rufaa mjini Moshi. Vijana wa jirani walimtoa, wakambeba kwenye kiti mpaka kwenye lami. Alilia njia nzima, mwanamke ambaye hata wakati wa kujifungua hakuna aliyewahi kumsikia.

Saratani ilianzia kwenye titi, na sasa ilikuwa imeingia kwenye uti wa mgongo. Madaktari walisisitiza asikose kliniki. Kwa kuwa hakukuwa na dalili ya mtu yeyote kuja kutengeneza barabara, Sifael aliona hana jingine ila kuinua gari.

Vijana walipoikwamua pikapu, alishuka nayo mpaka Kiboriloni, kwenye gereji ya Basili, fundi wa springi, nyuma ya soko. Basili alimwamkia shikamoo, akaingia chini ya pikapu, akakaa huko kitambo. Alipotoka alisema gari litainuka bila shida, ila mzee achague njia. Njia moja ilikuwa kubadilisha springi zote, kuweka nyingine zilizopinda zaidi na zenye majani mazito, yale mabamba ya chuma yanayopangwa moja juu ya jingine. Hizo zingeliinua gari na kulitia nguvu, lakini lingekuwa gumu. Njia ya pili ilikuwa bloku, vipande vya chuma vinavyokaa kati ya ekseli na springi. Kwa bloku gari lingepanda, na springi zingebaki na ulaini wake uleule.

Sifael aliuliza ipi inarusha kidogo. Basili alimtazama. Wateja wake wa milimani, wenye kubeba ndizi na majani ya ng'ombe, huuliza ipi inabeba zaidi.

"Kwani unabeba nini, mzee?"

"Mgonjwa. Mgongo wake hautaki kuguswa."

Basili akasema basi nyuma atafunga bloku. Sifael akamwomba afunge na mbele vilevile, maana mkewe hukaa mbele.

"Mbele siweki bloku," Basili alisema. "Ukikanyaga breki kwenye mteremko ikachomoka, usukani haukusikii tena. Nitawaua wote wawili. Mbele ni springi tu, na springi zenyewe ni ngumu."

Sifael alizunguka kwenye lundo la springi pale uani, akasimama juu ya moja baada ya nyingine, akizikandamiza kwa uzito wake kuona ipi italegea. Hakuna iliyolegea. Mwishoni alichagua jozi iliyokuwa na jani moja pungufu, na Basili akamwambia asitegemee tofauti kubwa.

Nyumbani alimweleza mkewe kwamba nyuma ndiko kutakuwa laini, watatandika godoro. Aikaeli alikataa. Alisema amepita barabara ile akienda kanisani kwa miguu yake miaka yote, hatapitishwa sasa amelazwa kwenye bodi kama mkungu wa ndizi, watu wakichungulia.

Siku ya kliniki iliyofuata, kiti cha mbele kilikuwa juu mno kwake. Sifael alimbeba, akashangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Binti yao Kindness, aliyeacha nyumba yake Shirimatunda ili kumuuguza mama, alipanda nyuma na godoro, endapo litahitajika.

Pikapu ilipita juu ya mgongo wa mawe bila kugusa hata jiwe moja. Sifael alifurahi, akageuka kumwambia mkewe. Aikaeli alikuwa amejaza pindo la kanga mdomoni, jasho linamtiririka usoni, macho ameyafumba. Hakuwa akilia. Gari liliporuka tena, alitoa kanga mdomoni.

"Simama, Baba Kindness," alisema. "Nipeleke nyuma."

Wakamhamisha. Kindness alikilaza kichwa cha mama yake mapajani. Huko nyuma kweli kulikuwa na unafuu, lakini si mkubwa. Walipokaribia soko la Kiboriloni, Aikaeli alimwomba binti yake amfunike uso.

Hospitalini daktari, msichana aitwaye Evelyn, alitazama picha za mgongo, kisha akamwita Sifael pembeni. Alimwamkia upya, kwa sauti ya chini. Alisema dawa hazisaidii tena. Atawapa ya maji ya kutuliza maumivu, mama akae nyumbani, wasimsumbue na kliniki.

"Lakini gari linapita sasa," Sifael alisema.

Daktari hakumwelewa. Alirudia kwamba hakuna haja ya kumleta.

Wiki iliyofuata Sifael alimpigia Basili simu, akamwomba apande Marangu na zana zake. Alitaka jani moja zaidi litolewe kwenye springi za mbele. Basili alimwonya kwamba gari litashuka tena, huenda likagusa mawe. Sifael alisema atoe tu. Kazi ilipokwisha, alimpa fundi funguo, yeye mwenyewe akakaa kwenye kiti cha abiria, mgongo ameuegemeza, macho ameyafumba.

Wakapita juu ya mgongo wa mawe, wakageuza, wakarudi.

"Imelainika kidogo," Basili alisema.

"Bado inapiga hapa chini ya kiuno. Twende tena."

Wakaenda tena, na tena. Basili alikuwa ameshasikia kutoka kwa Kindness yale ambayo daktari alisema. Aliendesha polepole kadiri alivyoweza, akiyakwepa mawe makubwa, na kila walipofika mwisho alingoja mzee aseme. Mara ya mwisho chuma kilikwaruza jiwe chini yao. Sifael alifumbua macho, akakaa akitazama kioo cha mbele. Basili alizima injini, akasema angeweza kulirudisha jani lile bila malipo. Sifael akamjibu kwamba hapana, aende zake, giza lisije likamkuta njiani.

Ndani Aikaeli alikuwa macho. Kikombe cha mtori, supu ya ndizi, kilikuwa kimepoa kando ya kitanda, hakijaguswa. Alimuuliza alikuwa wapi muda wote huo, maana alisikia gari likienda na kurudi.

"Nalijaribu. Nataka liwe laini."

Aikaeli aligeuza macho ukutani.

"Liache," alisema. "Nigeuze upande wa ukutani."

Sifael alipitisha mikono chini yake kama nesi alivyowafundisha, mmoja mabegani, mmoja nyongani, akamgeuza taratibu. Hata hivyo alimuumiza.